Jumamosi ya Kusafisha Makaburi

Katika Juma Kuu iko siku moja ambayo wengi wetu hatujui tuifanyie nini. Alhamisi tuna Meza ya Bwana. Ijumaa tuna msalaba, na hata yule asiyeingia kanisani mwaka mzima, siku hiyo hutafuta nguo nyeusi. Jumapili tuna kaburi lililo wazi, tuna kwaya na sare mpya. Jumamosi iliyobaki katikati tumeikabidhi kwa soko. Ni siku ya kuku na mchele, ya kusuka watoto nywele, ya kumfuata fundi cherehani aliyeapa kwamba gauni litakuwa tayari Jumatano. Nimeishi Mbeya mjini zaidi ya miaka ishirini, na ukitaka kujua Jumamosi hiyo ilivyo, pita Mwanjelwa saa nne asubuhi. Utakanyagwa.

Sisemi kwamba soko ni dhambi. Watoto lazima wale Pasaka, na mama asiyewaandalia atahubiriwa na watoto wenyewe. Lakini kila Kwaresima tunahimizwa kuiandaa mioyo yetu, na kwa miaka mingi nilitoka kanisani nikijiuliza: huu moyo ninaoambiwa niuandae, nianze kuushikia wapi? Nyumba naijua, nina ufagio. Shamba nalijua, nina jembe. Moyo hauna mpini. Sala, sadaka na kufunga tumefundishwa na Bwana mwenyewe katika Mathayo sura ya 6, nami sipunguzi hata moja kati ya hayo matatu. Ila nimewaona watu waliofunga siku zote arobaini, wakaifikia Pasaka wamepungua kilo na moyo uko vilevile. Nadhani wewe pia, ndugu msomaji, umewaona.

Kule nilikozaliwa, chini ya mlima Rungwe, Jumamosi ile ina kazi yake. Ni siku ya kusafisha makaburi. Mimi nataka kuizungumzia kazi hiyo, maana kama kuna mahali nilipowahi kuona moyo wa mtu ukiandaliwa kwa macho yangu haya, ni pale.

Kwanza nieleze juma lenyewe, kwa faida ya wasomaji wa madhehebu mengine. Sisi Wamoravian, tangu jioni ya Jumapili ya Matawi, hukusanyika kila siku kusoma habari za siku za mwisho za Bwana. Habari hizo zimeunganishwa kutoka Injili zote nne, nazo husomwa kwa mpangilio wa siku: aliyoyatenda na kuyasema Jumatatu tunayasikia Jumatatu, ya Jumanne Jumanne. Katika ushirika wetu mchungaji haongezi neno. Anasoma, tunaimba ubeti, anasoma tena. Umeme ukikatika, na wakati wa masika hukatika, mzee wa kanisa humshikia tochi ya simu. Nilipokuwa mtoto usomaji ule ulinichosha kabisa. Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kuona faida yake: hakuna anayekuambia ujisikie vipi. Unapelekwa tu, siku kwa siku, mpaka Ijumaa unafika kaburini pamoja na watu waliombeba, na jiwe linawekwa. Kisha unalala, na kesho yake unaamka ukiwa na fyekeo mkononi.

Mwezi wa tatu na wa nne kwetu ni mvua tupu. Majani hayaulizi ruhusa. Kaburi ulilolisafisha wakati wa Krismasi, ukilirudia baada ya miezi mitatu utalitafuta kwa kukisia. Basi siku hiyo watu hutoka mapema, mvua ikiruhusu na hata isiporuhusu, na kila ukoo huenda kwa watu wake. Wanaume hufyeka, wanawake hung'oa kwa mikono na kupalilia, watoto hutumwa maji. Mwishoni kama kuna chokaa inapakwa, kama kuna maua yanawekwa. Jumapili alfajiri, kabla hakujapambazuka, ushirika wote utarudi pale na tarumbeta, tutaungama imani yetu katikati ya makaburi, yatatajwa majina ya waliofariki tangu Pasaka iliyopita, na jua litatukuta tunaimba.

Ibada hiyo ya alfajiri ina umri mrefu. Ilianzia Herrnhut, katika jimbo la Saksonia huko Ujerumani, kijiji kilichojengwa mwaka 1722 na wakimbizi waliotoka Moravia kwa ajili ya imani yao, katika ardhi ya bwana mmoja aitwaye Zinzendorf. Pasaka ya mwaka 1732 vijana wa kiume wa kijiji hicho walipanda alfajiri mpaka makaburini, kwenye kilima cha Hutberg, wakaimba juu ya makaburi ya ndugu zao hadi jua likachomoza. Mwaka huohuo kijiji hicho kidogo kiliwatuma wamisionari wake wa kwanza ng'ambo, kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas. Huwa nayatazama mambo hayo mawili kwa pamoja. Watu waliozoea kuimba makaburini hawakuwa rahisi kuogopeshwa na safari. Waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa wa kanisa hilohilo.

Kwa Kijerumani makaburi yao waliyaita shamba la Mungu. Kwa Mnyakyusa neno shamba halihitaji maelezo. Tena walikuwa na utaratibu ambao nilipousoma nilishtuka: hawakuwazika watu kwa koo. Wanaume walizikwa upande wao na wanawake upande wao, kila mmoja akimfuata aliyemtangulia kufa, chini ya mawe ya kulala yanayofanana. Mume hakulala na mkewe, mtoto hakulala na babaye. Jirani yako kaburini alikuwa yeyote aliyeitwa kabla yako. (Isipokuwa makaburi ya ukoo wa Zinzendorf mwenyewe, ambayo ni makubwa na yako katikati. Ubwana haufi wote siku moja.) Huku kwetu hatukuufuata utaratibu huo. Tunazikana kwa koo, na ndiyo sababu Jumamosi ile kila mtu anajua pa kwenda, na kila mtu anaonekana hakwenda wapi.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe.

Baba yangu aliondoka nyumbani mwaka 1979, nikiwa na miaka minane. Alikwenda Zambia, kwenye machimbo ya shaba, kama walivyokwenda wanaume wengi wa kwetu kabla yake. Wengi wao walituma fedha, wakarudi na baiskeli na mablanketi. Yeye hakutuma kitu. Mwaka wa pili tulisikia ana nyumba huko na mke huko. Mama alibaki na watoto wanne. Aliuza ndizi Tukuyu, akaenda kuchuma chai ya watu, akatusomesha kwa mikungu aliyoibeba kichwani; utosi wake ulikuwa na mahali ambapo nywele hazikuota tena. Hakumsema baba vibaya mbele yetu, na hakumsema vizuri. Hakumsema kabisa.

Alirudi mwaka 1998, mgonjwa. Hakuja kwetu, alifikia kwa baba mdogo. Mama alimpelekea uji kila asubuhi kwa mkono wa mtoto wa jirani, yeye mwenyewe hakutia mguu. Baba alikufa mwaka uliofuata. Mama alikaa msibani siku zote akiwa mjane, maana ndivyo Kanisa na ukoo walivyomtambua, na sisi tukakaa naye. Baba mdogo akalijengea kaburi kwa matofali na saruji, na kila Jumamosi ya Juma Kuu akawa analisafisha yeye. Mama alikuwa na makaburi yake: la bibi yangu mzaa mama, na la mdogo wetu wa mwisho aliyekufa akiwa na miezi saba. Alikuwa akiyapalilia hayo, akipaka chokaa, anarudi nyumbani. Mimi na ndugu zangu tulimfuata yeye. Hakuna aliyetuagiza kulipita kaburi la baba, na hakuna aliyetuagiza kusimama. Tulilipita. Sisemi hivyo kwa kutubu. Ndivyo ilivyokuwa, na kwa mtu ambaye baba aliondoka akiwa na miaka minane sioni ingekuwaje vingine.

Ila ziko Pasaka ambazo alfajiri ile ilinipa shida. Tunasimama pale katika giza, tunaungama kwamba wafu watafufuka, na mtu mwenye akili timamu lazima ajiulize: wote? Ni rahisi kutamani ufufuo wa bibi yako. Lakini mchungaji haombi kaburi kwa kaburi, na majani ya kaburi la baba yalikuwa mita chache tu kutoka miguuni pangu. Katika Hesabu sura ya 9 kuna habari ninayoipenda. Walikuwapo watu walionajisika kwa kugusa maiti, wasiweze kuila Pasaka siku yake. Wakamwendea Musa wakalalamika: kwa nini sisi tuzuiwe? Musa akaenda kuuliza, na Mungu hakuwafukuza wala hakusema yaishe hivyohivyo. Aliwapa tarehe nyingine, mwezi mmoja baadaye. Watu wenye kaburi mikononi walipewa Pasaka ya pili. Kwa miaka kadhaa nilijihesabu miongoni mwa watu hao, nikisubiri tarehe yangu.

Mwaka 2013 miguu ya baba mdogo iligoma. Jumamosi ile hakuweza kutoka nyumbani, na kaburi la baba halikuguswa. Mwaka mzima likakaa hivyo. Likaota sangari, likaota mabingobingo yaliyonizidi kimo. Mzee mmoja wa kanisa alisema, si kwa ubaya, kwamba tungeweza hata kumlipa kijana afyeke. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam akajibu kwamba fedha hiyo ingetoka mfuko gani, ule ambao baba alituachia?

Ijumaa Kuu ya mwaka 2014 tulirudi nyumbani kutoka kanisani jioni, mama na mimi, hatuongei, kama ilivyo desturi. Alipokuwa anafunga mlango akasema, "Kesho nipe jembe lile dogo. Fyekeo mchukue wewe." Sikutia maanani. Kesho yake mvua ilikuwa imekatika alfajiri, njia ni utelezi mtupu, na mama mwenye miaka zaidi ya sitini akishuka kwa kushika migomba. Tulipofika makaburini alilipita kaburi la bibi. Akalipita la mdogo wetu. Akafika kwenye mabingobingo, akayatazama, akaniambia, "Fyeka haya, mimi siyawezi." Nikafyeka. Nilipomaliza nikamwambia akae, nitamalizia mwenyewe. Akasema, "Hapana. Hapa pa kwangu."

Alifanya kazi kama saa mbili. Sangari ina mizizi mirefu inayotambaa chini kwa chini. Ukikata juu tu umejidanganya, baada ya wiki mbili imerudi. Mama aliifuata mizizi hiyo pembeni mwa saruji, akiivuta polepole isikatike, akiipanga kando kama mtu anayekunja kamba. Watu walitupita, wakasalimia, wakaendelea. Hakuna aliyesema neno, na kijijini kwetu watu kunyamaza ni ushahidi kwamba wameona. Alipomaliza nilikuwa nimeshika ndoo ya chokaa na brashi, nikamsogezea. Akatikisa kichwa. "Chokaa bado."

Usiku, akiwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, nilimuuliza. Mtoto huuliza. "Mama, umemsamehe baba?"

"Nimepalilia."

"Lakini moyoni?"

Akafikiri. "Jembe langu limefika pale ulipoona. Panapobaki sipafikii mimi."

Nimeyatafakari majibu hayo kwa miaka mingi kuliko mahubiri yoyote niliyosikia, na siyaoni kuwa ni ya kukwepa. Mama hakuwa amesubiri moyo ulainike ndipo achukue jembe. Angesubiri hivyo, angekufa akisubiri. Alikwisha kusubiri miaka thelathini na mitano. Alichukua kile chenye mpini, akafanya kile ambacho mkono unaweza, na akakataa kukisia kilichozidi hapo. Sisi tuliosoma kidogo tunapenda kuanza na moyo. Tunataka kwanza tuhisi toba ndipo tutubu, tuhisi upendo ndipo tumpelekee mtu uji. Yeye alipeleka uji mwaka 1998 akiwa hahisi chochote kizuri, najua hivyo kwa kuwa nilimwona uso akiukoroga.

Kuhusu ile chokaa, sikuelewa mpaka baadaye, nilipokuwa naandaa somo la Jumapili kwa vijana. Wayahudi wa nyakati za Hekalu walikuwa na desturi ya kuyatia alama makaburi kwa chokaa, tarehe 15 ya mwezi wa Adari, yaani mwezi mmoja hivi kabla ya Pasaka. Mahujaji walikuwa wakimiminika Yerusalemu, na mtu akikanyaga kaburi bila kujua angekuwa najisi siku saba, kwa hiyo angeikosa sikukuu aliyoisafiria. Chokaa ilikuwa tahadhari: usipite hapa. Basi Bwana Yesu alipowafananisha waandishi na Mafarisayo na makaburi yaliyopakwa chokaa, katika Mathayo 23, hakuwa akitoa mfano wa mbali. Alisema hayo Hekaluni siku chache kabla ya kusulubiwa, na chokaa ya mwaka ule ilikuwa bado nyeupe vilimani. Waliomsikia walikuwa wameipita njiani.

Mama hakuwa amesoma habari za Adari. Aliacha shule darasa la nne. Lakini alijua tofauti ya kung'oa na kupaka. Pasaka ya 2015 aling'oa tena, akasema tena chokaa bado. Kaburi lile likawa safi kuliko mengi, na la kijivu peke yake katika safu nyeupe. Mimi nililiona aibu kidogo. Mgeni angedhani tumeishiwa fedha. Mwaka 2016 alibeba brashi yeye mwenyewe. Hakutoa maelezo, nami sikuuliza. Alipaka pande zote nne, akarudia upande wa kichwani mara mbili kwa kuwa saruji ilikuwa imenyonya.

Nisije nikamtia mtu chumvi. Alfajiri ya Jumapili ile ya 2014 nilimtazama kwa makini, nikitarajia kitu. Tarumbeta zilipiga, jua lilitoka nyuma ya mawingu likiwa limechelewa, watu wakaimba. Mama aliimba kama anavyoimba siku zote, nusu noti nyuma ya wenzake. Uso wake haukung'aa. Alilalamika kiuno. Tofauti niliyoiona ni moja: miaka yote alikuwa akisimama karibu na kaburi la bibi, na siku ile alisimama njiani, katikati.

Hapo ndipo ninapowakumbuka wanawake wa Injili, ambao nadhani tunawasoma haraka mno kwa kuwa tunajua mwisho wa habari. Luka anasema waliliona kaburi, wakarudi, wakaandaa manukato na marhamu, kisha Sabato wakapumzika. Marko anasema manukato waliyanunua Sabato ilipokwisha. Vyovyote iwavyo, walijiandaa, na kwa gharama. Lakini walijiandaa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya maiti. Hakuna hata mmoja wao aliyeandaa moyo wake kwa ufufuo. Walikuwa na mpango mzima wa kumpaka mafuta mtu aliyekufa, na hata mpango huo ulikuwa na kasoro, maana walikuwa njiani wanaulizana nani atawavingirishia lile jiwe. Yohana anaongeza kwamba Nikodemo alikwisha kuleta manemane na udi kama ratili mia. Kwa hesabu ya kawaida kazi yao haikuhitajika.

Manukato yao hayakutumika. Sijawahi kusoma popote waliyapeleka wapi. Lakini ni hao waliokuwapo. Mitume, ambao walikuwa wameambiwa waziwazi mara tatu kwamba siku ya tatu atafufuka, hawakuandaa kitu, na jioni ya siku ile walikuwa bado wamejifungia milango. Kilichowafikisha wanawake kaburini alfajiri ile ni kazi iliyokuwa mikononi mwao, tena kazi ya kusikitisha, iliyokosea shabaha kabisa. Mungu aliichukua hivyohivyo. Walikuja na kitu ambacho hakikuhitajika wakakuta kitu ambacho hawakukiomba.

Kwa hiyo siku hizi, mtu wa jumuiya yetu hapa mjini akiniuliza afanye nini ili auandae moyo kwa Pasaka, simpi orodha. Nimeziona orodha, kila Kwaresima zinazunguka kwenye simu, leo usile nyama, kesho mpigie rafiki, keshokutwa kaa kimya. Hazina ubaya. Namuuliza kaburi analolipita ni lipi. Kwa mmoja lilikuwa kaburi kweli, kwa mwingine ilikuwa nyumba ya dada yake huko Iwambi ambako hakufika tangu mgogoro wa kiwanja. Mmoja alikasirika akaniambia hiyo si siri ya kuulizana, na alikuwa na haki. Simwambii mtu akasamehe. Sina mamlaka hayo, na nimeona madhara yanayofanywa na watu wanaowasukuma waliodhulumiwa wasamehe kabla ya sikukuu ili sherehe ipendeze. Huko ni kupaka chokaa juu ya sangari. Kama aliyekudhulumu yungali hai na bado anadhulumu, kaa mbali naye, na Mungu atakuelewa. Ninachosema ni kidogo zaidi: iko kazi fulani ndogo yenye mpini, na mara nyingi tunaijua.

Mama alifariki mwezi wa sita mwaka jana. Miezi michache kabla ya hapo wazee walimwuliza, kwa ile adabu ya kwetu ya kuzungukazunguka, kama angependa kulala upande wa marehemu mume wake au upande wa mama yake. Wote walikuwa na wasiwasi na jibu. Yeye akawauliza mwaka huu wanazika wapi. Wakamwambia kuna safu mpya kule chini, karibu na uzio, ndiko wanakoanzia sasa. "Basi nifuate foleni," akasema. Wazee walidhani anatania. Mimi nilifikiria Herrnhut, nikacheka peke yangu, halafu sikucheka. Amelala katikati ya mwalimu mstaafu ambaye hawakuwa wakifahamiana sana na mtoto wa watu waliohamia kutoka Kyela.

Mwaka huu, Jumapili alfajiri, jina lake litasomwa. Nimeomba ruhusa kazini kuanzia Alhamisi. Nitapanda Coaster ya Tukuyu na jembe lile dogo, ambalo nilikuja nalo mjini baada ya msiba bila kujua nitalifanyia nini. Baba mdogo naye alitangulia zamani, kwa hiyo sasa kuna kazi pande zote: la bibi, la mdogo wetu, la baba mdogo, la mama kule chini kwenye uzio, na la baba. Mara ya kwanza hakuna mtu wa kumfuata. Miaka yote ile ya chokaa mimi nilishika ndoo tu. Brashi ilikuwa mkononi mwa mama.

Kaka yangu anakuja kutoka Dar es Salaam, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Amelala kwangu jana, na asubuhi aliuona mfuko wa chokaa mlangoni. Akaniuliza ni wa nini, maana kaburi la mama bado ni udongo, hatulijengei mpaka mwaka upite, na udongo haupakwi chokaa. Na yale mengine watoto wa shangazi walikwisha kuyapaka wakati wa Krismasi, wakaacha moja.

Nikamwambia anywe chai, gari la saa mbili halisubiri mtu.